Utumbo umebana kwa Crohn: aanze infliksimabu au apasuliwe kwanza?

Tabibu_Kijana

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kuhusu mgonjwa huyu.

Mwanamume, miaka 29, kilo 54. Ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, umethibitishwa kwa kolonoskopi (kamera ya utumbo) na vinyama vilivyopelekwa maabara. MRI ya utumbo inaonyesha sentimita 18 za mwisho za utumbo mwembamba zimevimba na kubana, na utumbo ulio juu ya hapo umetanuka hadi sentimita 4.2. Hakuna jipu wala fistula (njia isiyo ya kawaida iliyotoboka kutoka utumboni). Akila kitu kigumu, baada ya muda mfupi tumbo linajaa, linanguruma na kumkata, na mara nyingine anaishia kutapika. Ameshaanzishiwa prednisoloni, ambayo ni steroidi, mara tatu. Kwenye miligramu 40 anapata nafuu, akishuka chini ya 15 maumivu yanarudi. Albumini, protini ya damu inayoonyesha hali ya lishe na uvimbe, ni gramu 27 kwa lita, hemoglobini 9.1, CRP (kipimo cha uvimbe kwenye damu) 48. Anavuta sigara.

Kuna wanaosema aanzishiwe infliksimabu, dawa ya drip inayozuia TNF (kemikali ya mwili inayochochea uvimbe), na kuna wanaosema akatwe. Maswali yangu ni haya: dawa inaweza kufungua mbano wa namna hii? Akipasuliwa, dawa ndiyo basi? Na hali yake ya sasa inaruhusu upasuaji?

Utumbo_Mwembamba

Kabla ya kuchagua dawa au kisu, jiulize kilichobana ni nini. Crohn haiishii kwenye utando wa ndani, inakula unene wote wa ukuta wa utumbo. Mwanzoni ukuta unabana kwa sababu umevimba: una maji, damu nyingi na chembe za kinga zilizojazana. Huo uvimbe dawa inaushusha. Lakini ukuta ukivimba na kupona, ukivimba tena na kupona tena, mwili unajenga kovu na misuli ya ukuta inanenepa. Kovu likishakomaa, hakuna dawa tuliyonayo inayoliyeyusha.

Kwa wagonjwa wengi uvimbe na kovu vinakaa pamoja kwenye kipande kilekile. Ndiyo maana prednisoloni inampa nafuu ya muda: inashusha milimita chache za uvimbe, chakula kinapata upenyo, dozi ikipungua uvimbe unarudi na upenyo unaziba. Kovu lenyewe halijaguswa hata siku moja.

Kipimo ninachokiangalia sana kwenye MRI ni upana wa utumbo ulio juu ya mbano. Ukizidi sentimita 3, maana yake utumbo umekuwa ukisukuma dhidi ya kizuizi kwa muda mrefu. Kuna utafiti wa Ufaransa uitwao CREOLE, uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 97 wenye mbano wa utumbo mwembamba waliopewa adalimumabu, dawa ya kundi moja na infliksimabu. Baada ya wiki 24, asilimia 64 walikuwa wanaendelea vizuri, na kufikia mwaka wa nne takribani nusu walikuwa hawajakatwa utumbo. Kwa hiyo si kweli kwamba dawa haifai kabisa kwenye mbano. Ila walionufaika zaidi walikuwa na mbano mfupi, chini ya sentimita 12, na utumbo wa juu uliotanuka kiasi, yaani milimita 18 hadi 29. Mgonjwa wako ana sentimita 18 za mbano na milimita 42 za kutanuka. Yuko mbali na kundi hilo.

Kupanua kwa puto kupitia kolonoskopi nako hakumfai. Puto ni kwa mbano usiozidi sentimita 5, ulionyooka, usio na jipu wala fistula jirani.

Mimi ningempeleka kwa mpasuaji, lakini si wiki hii. Albumini ya 27 na steroidi mwilini ni mwaliko wa mshono kuachia.

Na neno moja kuhusu hizo prednisoloni. Steroidi ni ya kuzima moto, si ya kulinda nyumba. Haizuii ugonjwa kurudi, inakula mifupa, inapandisha sukari na kuchelewesha vidonda kupona. Mgonjwa anayeshindwa kushuka dozi mara ya kwanza tayari ameshakuambia kwamba anahitaji mpango mwingine. Kumpa duru ya tatu ni kumpotezea muda na kumwongezea hatari ya mshono. Jambo hili linaniuma kwa sababu naliona mara nyingi mno.

Mkasi

Nakubaliana na Utumbo_Mwembamba. Niongeze upande wa meza ya upasuaji.

Watu wengi wanauchukulia upasuaji wa Crohn kama adhabu ya dawa kushindwa. Sivyo. Utafiti wa LIR!C, uliofanyika zaidi Uholanzi, ulilinganisha kukata mwisho wa utumbo mwembamba kwa laparoskopia na kuanza infliksimabu, kwa watu wenye ugonjwa usiozidi sentimita 40. Matokeo ya kwanza ya mwaka 2017 yalionyesha hali ya maisha ya makundi yote mawili inakaribiana. Ufuatiliaji wa takribani miaka mitano ulionyesha kwamba karibu nusu ya walioanza na infliksimabu waliishia kukatwa, ilhali kwenye kundi lililokatwa mapema takribani robo walihitaji dawa za aina hiyo baadaye, na hakuna aliyekatwa mara ya pili. Angalia lakini: wale hawakuwa na mbano. Mgonjwa wako anao, na kwake hoja ya kukata ina nguvu zaidi.

Kinachofanyika chenyewe: matundu madogo, tunatoa kipande kilichoharibika pamoja na mwanzo wa utumbo mpana, kisha tunaunganisha utumbo mwembamba na utumbo mpana ubavu kwa ubavu kwa mashine ya pini ili mlango uwe mpana. Mpaka wa kukata ni sentimita 2 za utumbo unaoonekana na kushikika kuwa mzima. Zamani waliamini kukata mbali kunazuia ugonjwa kurudi. Utafiti uliochapishwa 1996 ulipima sentimita 2 dhidi ya 12, na ugonjwa haukujali tofauti hiyo. Hivyo kila sentimita ya ziada unayotupa ni hasara tupu, kwa sababu mgonjwa huyu ana miaka 29 na anaweza kurudi mezani.

Mbano ukiwa mwingi na umetapakaa, hapo hatukati kila kimoja. Tunapasua mbano kwa urefu na kuushona kwa upana, mlango unafunguka bila kutupa utumbo. Njia hiyo ya Heineke-Mikulicz inafaa mbano wa hadi sentimita 10 hivi, na kwa mbano mrefu kidogo, hadi 25, kuna ya Finney. Haifanyiki penye jipu, tundu au saratani inayoshukiwa. Kwa mgonjwa wako ni kipande kimoja, mwishoni kabisa, kwa hiyo kukata ni rahisi na salama zaidi.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo matokeo yanapoamuliwa. Mpe wiki 4 hadi 6.

Lishe kwanza. Maziwa ya lishe kamili ya hospitali pekee, bila chakula kingine, kalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 54 ni kama kalori 1,600 hadi 1,900 kwa siku, na kwa maziwa yenye kalori 1 kwa mililita ni lita 1.6 hadi 1.9. Yanapita kwenye mbano kwa sababu ni majimaji, yanashusha uvimbe, na yanakupa nafasi ya kushusha steroidi. Anywe kidogokidogo mchana kutwa. Akishindwa ladha au ujazo, mrija mwembamba wa puani unafanya kazi hiyo usiku. Kama amekonda sana na hakuwa anakula, anza na nusu au chini yake, mpe thiamini, upime fosfeti, potasiamu na magnesiamu kila siku za mwanzo. Mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla, madini hayo yanashuka na moyo unaweza kuyumba.

Chuma kwa drip, si vidonge; utumbo uliovimba hauvinyonyi vizuri na vinamsumbua tumbo. Prednisoloni ishuke miligramu 5 kila wiki, lengo ni kufika chini ya 20 kabla ya siku ya upasuaji, na ikiwezekana iishe. Usiikate ghafla. Tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimelala, na siku ya nusu kaputi presha inaweza kuporomoka. Anayeendelea kuitumia, au aliyeiacha karibuni, apewe haidrokotisoni ya mshipa mwanzoni mwa usingizi. Na sigara iishe leo. Inaharibu mshono na ni miongoni mwa sababu kubwa zaidi za ugonjwa kurudi.

Akianza kutapika kila kitu, tumbo likavimba na hatoi hata hewa, wiki hizo zimekufa. Arudi hospitali siku hiyohiyo.

Tabibu_Kijana

Shukrani sana wakuu, nimeelewa hoja ya sentimita 4.2. Mgonjwa ana hofu moja tu kubwa: mfuko wa kinyesi. Anaogopa ataamka nao na utakuwa wa maisha. Nimwambie nini? Na je, ikitokea ameshaanza infliksimabu kabla ya tarehe ya upasuaji, lazima isimamishwe?

Mkasi

Mwambie ukweli wote. Kwa kipande kama chake, akiwa ameandaliwa vizuri, wengi wanaunganishwa palepale na hawaamki na mfuko. Mfuko tunauweka pale sababu mbaya zinapokusanyika: steroidi dozi kubwa, albumini iko chini, usaha tumboni, ameingia kwa dharura. Ni mfuko wa muda, kwa kawaida tunaufunga baada ya miezi 3 hivi hali ikiruhusu. Ndiyo maana namsisitizia yale maziwa: kila wiki ya lishe inamsogeza mbali na huo mfuko. Hata hivyo muuguzi wa stoma (tundu la tumboni linalovalishwa mfuko) amchoree alama tumboni kabla ya upasuaji, akiwa amekaa na akiwa amesimama. Mfuko uliowekwa kwenye mkunjo wa ngozi unavuja kila siku.

Kuhusu infliksimabu, utafiti wa PUCCINI uliofuatilia wagonjwa waliopasuliwa haukuona maambukizi yakiongezeka kwa waliotumia dawa za kundi hilo ndani ya wiki 12 kabla ya upasuaji. Siahirishi upasuaji kwa sababu hiyo. Steroidi na utapiamlo ndivyo vinavyonikosesha usingizi.

Mdau_Mpya

Naomba kuingilia. Kwa hiyo akikatwa kipande chote kilichoumwa amepona, si ndiyo? Na mwenye fistula pembeni ya njia ya haja kubwa naye anapasuliwa hivyohivyo?

Utumbo_Mwembamba

Hapana kwa yote mawili, ndugu, na maswali yote ni ya maana.

Kukata kunaondoa kipande, hakuondoi ugonjwa. Ukirudi, kwa kawaida unaanzia juu kidogo ya mshono, na vidonda vinaonekana kwa kamera miezi mingi kabla mgonjwa hajasikia chochote. Anajisikia mzima, anaacha kliniki, anarudi baada ya miaka na mbano mpya.

Fistula ya njia ya haja kubwa ni habari nyingine. Hapo kisu ni cha kutoa usaha, si cha kuchana njia. MRI ya nyonga kwanza, kisha achunguzwe chini ya nusu kaputi, usaha utolewe, na uzi laini unaoitwa setoni upitishwe kwenye njia ya fistula na kufungwa kwa kulegea. Kazi ya uzi ni kuacha njia wazi ili usaha usijifungie ndani. Unakaa miezi. Siprofloksasini na metronidazoli zinasaidia mwanzoni, kisha infliksimabu ndiyo inayoongoza. Kuchana fistula ya Crohn inayopita kwenye misuli ya kubania haja ni kumwachia mtu kidonda kisichofunga na haja isiyozuilika. Na ukianza infliksimabu jipu likiwa bado limejaa, unashusha kinga juu ya usaha. Usaha utoke kwanza, daima.

Jipu la ndani ya tumbo lina utaratibu huohuo: likizidi sentimita 3 hivi linatolewa kwa mrija unaoongozwa na CT au ultrasaundi, pamoja na antibayotiki, kisha upasuaji unapangwa kwa utulivu wiki kadhaa baadaye.

Dawa_na_Dozi

Nijibu ile "akipasuliwa, dawa ndiyo basi?" Kwa huyu, jibu ni hapana. Ana chini ya miaka 30 na anavuta sigara. Hivyo viwili vinatosha kumweka kwenye kundi la hatari ya kurudiwa. Dawa ya kinga ianze ndani ya wiki 4 hivi baada ya upasuaji, kidonda kikishatulia.

Vipimo vya kabla ya infliksimabu vifanyike sasa, wakati anakunywa maziwa: kifua kikuu, yaani picha ya kifua pamoja na kipimo cha ngozi au cha damu, homa ya ini B, antijeni ya juu pamoja na kingamwili za kiini, VVU, na chanjo alizonazo. Prednisoloni inaweza kufanya kipimo cha kifua kikuu kionekane safi ilhali si safi, kwa hiyo historia ya kukaa na mgonjwa wa TB ina uzito kuliko karatasi. TB iliyolala ikipatikana, tiba ya kinga ianze angalau wiki 3 hadi 4 kabla ya dozi ya kwanza. Chanjo zenye virusi hai kama surua na homa ya manjano hazitolewi tena akishaanza.

Nisisitize pia: TB ya utumbo inapenda pembe ileile ya utumbo mwembamba na mpana na inafanana na Crohn hadi kwenye kamera. Kipande kitakachotolewa kipelekwe kwa patholojia na kingine maabara ya TB, kisiende chote kwenye fomalini. Fomalini inaua vimelea, na hapo huwezi kuviotesha tena.

Dozi: miligramu 5 kwa kilo, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Kilo 54 ni miligramu 270, yaani vichupa 3 vya miligramu 100. Kila kichupa kinayeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano, ukiyaelekeza kwenye ukuta wa kioo. Kizungushe taratibu, usitikise, kwa sababu hii ni protini na inatoa povu. Kiache dakika 5. Kisha changanya na salini hadi jumla iwe mililita 250 na umpe kwa saa 2 au zaidi kupitia kichujio. Usichanganye na drip ya sukari. Abaki chini ya uangalizi saa 1 hadi 2 baada ya kumaliza.

Infliksimabu peke yake mwili unaweza kuitengenezea kingamwili ikaacha kufanya kazi. Kwenye utafiti wa SONIC wa 2010, waliopata infliksimabu pamoja na azathioprini, kidonge cha kupunguza kinga, walitulia bila steroidi kwa asilimia 57, infliksimabu pekee 44, azathioprini pekee 30, kufikia wiki ya 26. Azathioprini ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo, kwake ni 108 hadi 135, yaani kwa vidonge 100 hadi 125. Pima TPMT, na NUDT15 pia ikipatikana, vimeng'enya vinavyoivunja dawa hii mwilini, kabla ya kidonge cha kwanza. Kisha chembe za damu na ini kila wiki kwa mwezi mmoja, baadaye kila miezi 3. Maumivu makali ya tumbo la juu kwenye wiki za mwanzo ni kongosho hadi ithibitishwe vinginevyo; dawa isimame na isirudiwe. Akipewa alopurinoli ya gauti na mtu asiyejua, chembe zake nyeupe zinaweza kuporomoka. Kijana wa kiume asiyewahi kupata virusi vya Epstein-Barr simpi azathioprini. Hatari ya limfoma, saratani ya chembe za kinga, inapanda. Kwa huyo tafuta njia nyingine.

Infliksimabu ikipoteza nguvu, usikimbilie kubadilisha. Pima kiwango chake kwenye damu kabla tu ya dozi inayofuata. Kiwango kikiwa chini na hakuna kingamwili, ongeza dozi au sogeza wiki. Kingamwili zikiwa nyingi, nenda adalimumabu. Kiwango kikitosha na bado anaumwa, kundi hilo la kuzuia TNF limegoma: fikiria dawa za njia nyingine, yaani ustekinumabu, risankizumabu au vedolizumabu.

Na kwa maumivu apewe parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuamsha ugonjwa.

Nesi_wa_Stoma

Nimalizie wodini na nyumbani, maana hapo ndipo wagonjwa wanapotuponyoka.

Siku ya 3 hadi ya 7 baada ya upasuaji, macho yawe kwenye mapigo ya moyo. Mapigo yakipita 100 na kubaki hapo, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, au CRP iko juu ya 150 siku ya 3 au ya 4, mwiteni mpasuaji na msisubiri homa. Kwa mgonjwa wa steroidi mshono unaweza kuvuja bila homa. Heparini ya kuzuia damu kuganda miguuni isiishie siku ya kuruhusiwa. Wengi wanaipata hadi siku 28.

Akianza kuharisha maji baada ya kula, si lazima Crohn imerudi. Kipande kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kinarudisha nyongo mwilini. Sasa nyongo inamwagika kwenye utumbo mpana na kuuchokoza. Kolestiramini gramu 4 mara moja au mbili kwa siku inatuliza hali hiyo, ila inanasa dawa nyingine, kwa hiyo azathioprini inywewe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baada yake. Pima kalprotektini ya kinyesi, inayoonyesha uvimbe wa utumbo, kabla ya kumpandishia dawa.

Vitamini B12 nayo hunyonywa palepale. Sentimita 18 ziko karibu na mpaka wa 20, kwa hiyo ipimwe angalau kila mwaka. Ikishuka, sindano ya miligramu 1 ya haidroksokobalamini kila miezi 2 hadi 3, na ni ya maisha. Ganzi ya miguu ikianza, muulize pia kama bado anatumia metronidazoli. Ikitumika kwa miezi inaumiza mishipa ya fahamu.

Kolonoskopi ni mwezi wa 6, hata kama anajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia. Atakataa, kwa sababu haoni maana ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo akiwa mzima, kwa hiyo mpe tarehe kabla hajaondoka wodini. Mpimaji aandike alama ya Rutgeerts: i0 hakuna kidonda, i1 vidonda vidogo visivyozidi vitano, na kuanzia i2 matibabu yanaongezwa hata kama mgonjwa hana dalili. Katikati ya hapo, kalprotektini kila miezi 3. Ikipita 100, kolonoskopi isogezwe mbele.